Eda ya Waride

Gharibu Azan hakuwa mtu wa maneno. Kijiji chote cha Maparoni kilimjua kwa mambo mawili. Mpunga wake ulikuwa safi, huoni gugu hata moja. La pili, akiwa na shida na mtu humzunguka huyo mtu siku tatu bila kusema, mpaka mwenyewe achoke amuulize, "Gharibu, sema basi, unataka nini?" Darasa la saba alimaliza, barua anaandika, lakini mbele ya mtu mwenye kalamu mfukoni ulimi wake unakuwa mzito kama nanga.

Mdomo wa nyumba ile ulikuwa wa mkewe, Waride. Yeye ndiye aliyepatana bei na wachuuzi, yeye ndiye aliyewasuta wenye mbuzi waharibifu, na yeye ndiye aliyemsemea mumewe kila mahali penye dirisha na foleni. Walikaa miaka kumi na minne. Mimba mbili ziliingia na zote mbili zikatoka, ya tatu haikuja. Watu wakasema waliyosema. Mama yake Gharibu kabla hajafa alimtaka aoe mke wa pili, naye akajibu, "Mama, mimi na Waride tunatosha." Jambo zito kama lile alilibeba bila kulalamika. Ndiyo maana alilolifanya baadaye liliwashangaza watu wote, na yeye mwenyewe kuliko wote.

Lilianzia kwenye mpunga. Mpunga wa huku delta, mto unapoingia baharini, ukianza kutia maziwa, watu huhama kijijini wakaishi mashambani juu ya madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa kwa miti ili maji na nguruwe visiwafikie. Kazi ya huko ni moja, kuamia ndege. Toka kunapopambazuka mpaka jua kuzama mtu hupiga kelele, hugonga kopo, hurusha udongo kwa teo. Kwelea kwelea wakitua saa moja tu, wameshakula chakula cha mwezi mzima. Na katika kazi hiyo Waride hakuwa na mfano. Akipiga ukelele kwake, ndege wa mashamba matatu wanaruka. Majirani walikuwa wakimwambia kwa utani kwamba wao wanalala usingizi kwa nguvu za koo lake.

Basi mwaka ule sauti ikamkauka. Kwanza wakadhani mafua. Yakapita majuma, mafua hayakuisha, sauti ikawa ya kukwaruza kama ya mzee mvuta tumbaku. Akawa anavaa sweta la mumewe kwenye jua la saa saba. Akawa anasahau chumvi kwenye mboga, na akikumbushwa anatia mara mbili. Zaidi ya yote, akawa analala. Anakaa kwenye dungu na kopo lake mapajani, kichwa kinainama, ndege wanashuka.

Bi Mwantum, shangazi yake Gharibu, dungu lake lilipakana na lao, na mdomo wake haukuwa na mlango.

"Gharibu mwanangu," alimwita siku moja kutoka juu, "hebu niambie. Mkeo anaamia ndege, au ndege ndio wanamwamia yeye asiamke?"

Watu wa madungu ya jirani wakacheka. Gharibu aliinama akaendelea kung'oa magugu ambayo hayakuwapo.

Siku mbili baadaye alikwenda kusaidia kuziba tuta lililobomoka upande wa pili wa kijito. Aliporudi alikuta majaruba mawili ya mbele meupe, masuke yamebaki makapi matupu. Waride alikuwa amelala ubavu juu ya dungu, mdomo wazi. Alimwita mara nne ndipo akaamka, na alipoamka aliangaza macho kama mtu anayetafuta jina lake.

"Waride, mpunga umekwisha."

"Naona."

"Unaona, na ulikuwa umelala."

"Siwezi, Gharibu." Alizungumza polepole, neno moja moja. "Nakuambia kila siku, mwili wangu hautaki. Kuna kitu kimeniingia. Hunisikii."

"Zahanati si umekwenda? Wamekupima malaria, huna. Wakakupa dawa za damu, umekunywa. Unaumwa nini sasa?"

"Sijui. Lakini naumwa."

Mtu mpole akikasirika hajui pa kusimama. Gharibu alishuka, akaenda kukaa kwenye tuta mpaka jua likaelekea magharibi. Laiti angepiga kelele siku ile, labda hasira ingetoka na kelele. Yeye kelele hakuwa nazo. Alirudi kijijini, akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa hati yake nzuri ya darasa la saba: Mimi Gharibu Azan nimemwacha mke wangu Waride Abubakary talaka moja. Na kwa kuwa hata hiyo karatasi hakuthubutu kuipeleka mwenyewe, alimpa Bi Mwantum.

Waride aliisoma juu ya dungu. Hakulia wala hakuuliza. Baada ya siku tatu kaka yake, Bashiru, alikuja kumchukua. Bashiru alikuwa fundi pikipiki kule Nyamwage, barabarani, mtu wa mizaha asiyekaa kimya hata akiwa chini ya injini. Siku ile hakufanya mzaha wowote. Alibeba mabegi ya dada yake mpaka kwenye boti, akampa Gharibu mkono kwa adabu, wakaondoka. Kwa dini Waride alipaswa kukaa eda yake nyumbani kwa mumewe, lakini watu wamezoea kuwarudisha wanawake kwao, na hapakuwa na aliyewazuia.

Kila mwezi Gharibu alituma mchele na fedha za matumizi ya eda. Yeye mwenyewe hakwenda. Mwezi wa tano tangu talaka simu ikalia akiwa anatengeneza jembe.

"Shemeji," alisema Bashiru, "umekaa au umesimama?"

"Nimekaa."

"Basi kaa vizuri. Dada yangu tangu nimchukue kwako hajaona hedhi hata moja. Miezi mitano. Uso umejaa, tumbo limemtoka, usingizi haumwishi. Wanawake wa huku wamekwishampa hongera."

Gharibu alishika jembe kwa mikono miwili.

"Upo?"

"Nipo."

"Njoo basi uone ulichokitupa."

Kabla ya kwenda alipita kwa Mwalimu Mudathiri wa madrasa, akamzunguka kidogo kama kawaida yake, mpaka akaulizwa. Mwalimu aliposikia alicheka kwa furaha. "Kama ana mimba, eda yake ni mpaka ajifungue. Bado ni mkeo wa rejea. Sema tu nimekurejea, mbele ya mashahidi wawili, mambo yamekwisha. Mwenyezi Mungu kakufungia mlango usitoke, Gharibu!"

Alisafiri na kilo ishirini za mchele mpya na doti ya kanga. Kwenye boti mpaka bandari ya Nyamisati alikuwa anatabasamu peke yake, akawa anageuzia uso majini ili abiria wasimwone.

Waride alikuwa ameketi uani kwa kaka yake, juani, na sweta lile lile. Uso ulikuwa umevimba, macho yamekuwa madogo, nyusi zimepukutika nusu. Gharibu aliona, lakini mtu huona anachokitaka. Alijiambia, mimba ya wanawake wengine huwa hivyo.

"Umekuja," alisema Waride kwa ile sauti ya kukwaruza.

"Nimekuja."

Asubuhi walikwenda kituo cha afya, wote watatu. Tabibu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alichukua mkojo, akapima. Akapima tena. Akatoka mwenyewe.

"Mzee, hapa hakuna mimba."

Gharibu aliangalia ile doti ya kanga mikononi mwake, bado imo kwenye karatasi yake. Waride ndiye aliyesema, "Nilijua. Niliwaambia, hamkunisikia. Mimba naijua, nimezibeba mbili."

Tabibu aliisikiliza ile sauti, akavua miwani. "Mama, ndivyo ulivyozaliwa unaongea hivi?"

"Muulize huyo."

Gharibu alilazimika kusema. "Hapana. Alikuwa... sauti yake ilikuwa inavuka kijito."

Tabibu akamsogelea Waride, akambonyeza shingo kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate. Akamgonga kisigino kwa nyuma, akaangalia jinsi mguu unavyorudi taratibu mno. Akauliza: baridi? Ndiyo. Choo kigumu? Ndiyo. Nywele, kusahau, ngozi kukauka? Ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Tangu lini?"

"Uchovu ni miaka mitatu. Labda minne. Sauti ndiyo ya mwaka huu."

"Uliwahi kumwambia mtu?"

"Nilisema mpaka nikachoka," alijibu Waride. "Nimepimwa malaria mara nane. Nimepewa dawa za damu. Nimepungwa pepo. Mwisho nikaambiwa mvivu." Hakumwangalia mumewe wakati wa kusema hayo, na Gharibu alitamani amwangalie, hata kwa jicho baya.

Tabibu aliwaeleza kwamba shingoni kuna tezi, wenyewe huiita thairoidi, na hiyo ndiyo inayouchochea mwili ufanye kazi. Ikilegea, mwili wote unalegea: moyo, akili, koo, hata siku za mwanamke zinakatika. "Nahisi ni hiyo. Lakini kuhisi hakuandikiwi dawa. Apimwe damu, na kipimo hicho hapa hakuna."

Katika hospitali waliyoelekezwa, vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vilikuwa vimekwisha, na hakuna aliyejua vitakuja lini. Wakaelekezwa maabara moja ya mtu binafsi, inayotoa damu na kuituma Dar es Salaam kwa basi, ndani ya sanduku la barafu. Damu ya kwanza iliharibika; basi lilikufa njiani nusu siku, barafu ikayeyuka. Wakarudia. Wakaambiwa siku kumi.

Siku ya kumi Gharibu alitoka Maparoni usiku usiku ili awahi. Akafika dirishani, akasalimia, akasimama pembeni. Kijana wa dirishani alikuwa na watu wengi. Gharibu alingoja aitwe. Hakuitwa. Saa kumi jioni dirisha likafungwa, akarudi zake. Juma lililofuata akaenda tena, akasimama pale pale. Safari ya tatu alikwenda na Bashiru, ambaye aliegemeza kiwiko dirishani na kusema, "Mpwa wangu, majibu ya Waride Abubakary yamefika au yameolewa huko Dar?"

Kijana akafungua droo. "Haya hapa, mjomba. Yapo tangu Jumanne ile. Hakuna aliyekuja kuuliza."

Bashiru aligeuka akamtazama shemeji yake. Gharibu aliangalia viatu vyake. Majibu yalikuwa yamekaa dirishani siku kumi na nane.

Daktari aliyewasomea majibu alisema kipimo hicho kwa mtu mzima mwenye afya hakizidi nne au tano. Cha Waride kilizidi mia moja. Alisema ni ajabu kwamba bado anatembea. Akasema mimba zilizotoka, huenda hata hizo ni kwa ajili hiyo, ingawa huwezi kuapa. Kisha akamgeukia Gharibu, kwa kuwa ndiye mwanamume, akauliza, "Ninyi nyumbani mlikuwa mnaona nini?"

Gharibu akamtazama Waride.

Waride akamjibia, kama alivyomjibia miaka yote. "Walikuwa wanaona nalala."

Siku ile, Gharibu aliingia chooni nyuma ya hospitali, akafunga mlango, akalia akiwa ameuma kanga ile ile, ambayo bado hakuwa amempa Waride, ili asisikike. Mtu mmoja alibisha hodi mara mbili, akakata tamaa akaenda choo kingine.

Waliporudi Nyamwage Gharibu alimpigia simu Mwalimu Mudathiri. Mwalimu alimfafanulia vizuri. Mwanamke ambaye siku zake zimekatika kwa maradhi, eda yake haiishi kwa miezi. Hungoja siku zake zirudi. Akiona hedhi ya kwanza, ya pili, na ya tatu inapoingia tu, eda imekwisha, na hapo mume hana tena neno la kumrejea. "Kwa sasa hajaona hata moja. Kwa hiyo una nafasi. Mrejee, Gharibu. Unangoja nini?"

Jioni, uani, alimwambia Waride. Alianza mara tatu. Bashiru alikuwa anaosha mikono kwa sabuni ya unga, akamkatiza.

"Shemeji, unataka kumrudia mtu au unataka kutua mzigo wako?"

"Kaka, niachie," alisema Waride. Siku hizo maneno yalimjia kutoka mbali. "Gharibu, najua sheria inakupa. Lakini usiseme. Hivi nilivyo, hata uchungu sina nguvu ya kuusikia. Nikikukubali leo nitakuwa nimekubali kwa usingizi. Nitafutie dawa kwanza. Nikiwa mzima nitajua ninachotaka, nawe utakijua."

"Na eda?"

"Eda haijaanza hata kuhesabika. Niahidi."

Akaahidi. Na hapo ndipo alipojifunga kamba ambayo hakuiona kwa wakati ule. Dawa ile ile aliyokuwa anaisaka ili mkewe apone, ndiyo itakayorudisha siku zake, na siku zake zikirudi zitaanza kumhesabu yeye.

Vidonge alivipata kwa taabu. Duka moja havipo, la pili vipo vya nguvu nyingine, la tatu rudi Ijumaa. Lakini alivipata, na kila alipovipata alivifikisha Nyamwage kwa mkono wake. Ilikuwa mwisho wa Shaabani. Daktari alikuwa amempa Waride pia vidonge vyekundu vya kuongeza damu, maana damu nayo ilikuwa chini. Ramadhani ikaingia. Waride alitaka kufunga, na hakuna aliyeweza kumzuia. Gharibu akampa shauri alilodhani ni la busara: anywe vyote pamoja wakati wa daku, na uji wa maziwa juu yake, tumbo lisikae tupu. "Dawa husaidiana," alisema. Mfungo ulipokwisha akaendelea hivyo hivyo, maana mazoea yana taabu.

Miezi miwili ikapita. Waride bado alikuwa anasinzia. Damu ikatumwa tena Dar, na majibu yakarudi karibu yale yale. Daktari akamkaripia. "Mama, dawa hunywi. Unatusumbua bure."

"Nakunywa," alisema Waride.

"Karatasi inasema hunywi."

Mara hii Gharibu alisimama. "Daktari, anakunywa. Akisema anakunywa, anakunywa. Mimi mwenyewe kila nikija namwona."

"Anakunywaje?"

Gharibu akaeleza: daku, uji wa maziwa, vyekundu na vyeupe pamoja. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema vile vyekundu vinaishika ile dawa ya tezi tumboni isiingie mwilini. Cheupe, yaani cha tezi, kinywewe alfajiri kwa maji matupu, chai baadaye, na vyekundu visikaribie mpaka zipite saa nne. Ilikuwa kama kumwaga maji kwenye ungo, miezi yote ile.

Nje, Bashiru alimshika mkono kwa nguvu.

"Nani alimwambia achanganye?"

"Mimi."

"Wewe." Bashiru alitazama huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na akichelewa kupona, eda inachelewa kuisha. Sivyo, shemeji? Nafasi yako inabaki."

"Wallahi, sikujua."

"Nakuamini hukujua," alisema Bashiru akimwachia. "Lakini je, ulisikitika?"

Swali hilo Gharibu alirudi nalo Maparoni, akalima nalo, akala nalo. Kwamba hakujua, hilo aliweza kuapa. Lakini kila Bashiru aliposema kwenye simu "bado hajaona kitu," kulikuwa na mahali fulani kifuani mwake palipopumua. Hilo hakulisema kwa yeyote.

Baada ya hapo dawa ikafanya kazi. Uso ulipungua kwanza, kisha akaacha sweta. Ilipofika Juni akawa anaamka kabla ya kaka yake na kufagia uwanja wote. Akaanza kusuka mikeka ya ukili, vidole vilivyokuwa vizito kama miti ya muhogo vikarudi kuwa vyake. Mwezi wa nane Bashiru akapiga simu. "Ameona. Kaniambia nikuambie." Mwezi wa tisa akapiga tena. "Ya pili."

Gharibu akahesabu. Mwezi wa kumi ulipoingia hakuweza kulala wala kula. Alikwenda kwa Mwalimu Mudathiri.

"Neno ni lako," alisema Mwalimu, "na idhini yake si sharti. Ukisema kabla ya hedhi ya tatu, ni mkeo, apende asipende. Lakini uliahidi kungoja, na ahadi ni deni."

"Mwalimu, ungekuwa wewe?"

Mwalimu Mudathiri alichezea tasbihi yake. "Ningekuwa mimi nisingempa shangazi karatasi," alisema, kisha akajuta. "Nisamehe. Nenda. Ila jambo moja ulijue. Mambo ya hedhi mwanamke husadikiwa kwa neno lake. Akikuambia imeingia, huna kumwapisha, huna kumtafutia shahidi."

Alichukua vidonge vya miezi miwili na akasafiri. Njia nzima alikuwa ameamua kuivunja ahadi. Alisema lile neno moyoni mpaka likazoea mdomo. Alipofika Nyamwage alipita kwanza bandani kwa Bashiru, anapotengenezea pikipiki.

"Nataka unishuhudie leo. Tafuta na mtu wa pili."

Bashiru alijifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama. "Kamwone kwanza," alisema.

Waride alikuwa uani, mkeka magotini. Gharibu alisimama. Alikuwa amesahau kwamba Waride ana shingo ndefu. Nyusi zilikuwa zimerudi.

"Karibu. Kaa."

Alikaa kwenye pembe ya mkeka.

"Nilikuambia nikipata nguvu nitajua," alisema Waride, akiendelea kusuka. "Nimezipata. Kitu cha kwanza nilichokijua ni hasira. Ilinijia siku moja nachota maji, nikatua ndoo nikakaa chini. Miaka kumi na minne, Gharibu, na karatasi ukampa shangazi yako aniletee. Hukuweza hata kupanda ngazi."

"Niliona haya."

"Haya! Mimi ndiye niliyekusemea mbele ya kila mtu. Jambo moja tu la kwangu nikakuambia, kwamba naumwa. Sikusema kwa mafumbo. Nilisema naumwa."

"Sikujua, Waride."

"Ugonjwa hukuujua. Lakini mimi ulikuwa unanijua."

Kuku alipita kati yao, akadonoa, akaenda zake. Gharibu alivuta pumzi. Neno lilikuwa tayari pale kwenye meno. Waride aliona. Alinyanyua kiganja.

"Kabla hujasema. Juzi imeingia ya tatu."

Alimtazama usoni. Ulikuwa uso wa mtu mzima, wenye damu, uliotulia, na haukumwambia zaidi ya alichokisema mwenyewe. Juzi. Labda ni juzi kweli. Labda ni kesho. Bashiru hakupiga simu safari hii. Angeweza kuuliza, mbona sikuambiwa? Swali lilimjia likakaa pale pale penye lile neno, na vyote viwili akavimeza. Kumeza kulichukua muda. Waride alingoja, hakusuka.

"Nimesadiki," alisema.

"Ahsante, Gharibu." Mara ya kwanza tangu aingie, sauti yake ikalegea.

"Nikituma wazee? Nikija na posa, kwa mahari mapya, kama watu wengine?"

"Usilete posa. Nitakukatalia, nami sitaki kukukatalia mbele za watu."

Aliitikia kwa kichwa. Akatoa ile bahasha ya vidonge, akaiweka juu ya mkeka, akaisogeza kidogo kwa vidole. "Hivi ni vya miezi miwili. Kipimo tena ni Desemba. Vikikaribia kuisha, nani atakufuatia?"

"Nitakwenda mwenyewe. Barabara iko hapa mbele."

"Usikubali wakuambie urudi Ijumaa. Uliza hapo hapo."

"Nitauliza."

Akasimama, akaaga, akatoka. Bandani Bashiru alikuwa ameketi na jirani yake muuza vocha, wote wawili wamevaa kofia, mashahidi tayari. Walipomwona uso, jirani akavua kofia, akarudi kwenye meza yake bila kuaga.

"Imekwisha?" aliuliza Bashiru.

"Imekwisha. Juzi."

Bashiru alifungua mdomo, kama mtu mwenye jambo la kusema, kisha akaufunga. Kama alijua ukweli wa hiyo juzi au hakujua, Gharibu hakumwuliza. Walisimama pamoja kando ya barabara mpaka gari la kwenda Kibiti likaja. Gharibu alipanda. Kondakta alimwuliza anashukia wapi, na ilibidi amwulize mara mbili.